Uvira: Picha ya marehemu inayotoka kwenye karte ya kura, namna inavyotengenezwa na fasi inapoharibika

Mjini Uvira, mtu akifariki, kuna kazi moja inayoanza hata mbele ya kutafuta viti na hema: kutafuta picha yake. Matanga inaomba picha kubwa ndani ya kadre, iwekwe juu ya meza pale watu wanapoingia kutoa pole. Watoto wanafungua simu zao. Wanamuuliza shangazi aliye Bujumbura, wanamwandikia ndugu aliye Amerika kwa WhatsApp. Mara nyingi, hasa kama marehemu alikuwa mzee asiyependa mambo ya picha, kinachopatikana ni kimoja tu: karte ya kura.

Karte inapelekwa kwa studio. Katika kata ya Rugenge, sawa na katika kata zingine za mji, studio ni chumba kimoja chenye ordinatere, emprimante, mashine ya kuplastifie, na simu za watu zinazochajiwa kwenye kona. Kijana wa studio anaangalia ile picha ndogo kama kidole gumba, anaomba saa moja ao mbili, na kama kuran haikukatika, marehemu anatoka akiwa amevaa koti la bluu na kravate, nyuma yake mawingu meupe, ngozi inang'aa kama ya kijana wa miaka 20.

Familia inalipa. Halafu wakifika nyumbani, mjane anaishika ile kadre, anaiangalia muda mrefu, na kusema: picha ni nzuri, lakini huyu si yeye.

Kosa halitoki kwa studio peke yake. Familia yenyewe mara nyingi ndiyo iliomba "mumpendezeshe," bila kujua kwamba kuna kazi mbili tofauti ndani ya neno hilo. Kazi ya kwanza ni kuondoa kile kilichokaa juu ya sura: mstari wa karte, muhuri, mkwaruzo, doa la maji. Kazi ya pili ni kugusa sura yenyewe. Ya kwanza inamrudisha mtu. Ya pili, isipofanywa kwa mkono mwepesi, inamleta mtu mwingine.

Kwa nini karte peke yake

Wakaaji wa Uvira walipigwa picha sawa na watu wengine, na wengi walikuwa na albamu. Vita ya 1996 iliwatoa watu nyumbani kwa saa chache. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka ule ule juu ya wakimbizi wa Kongo, na mtu anayekimbia anabeba mtoto na sufuria, habebi albamu. Tangu pale, kukimbia kumerudi mara nyingi.

Halafu yakaja maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ziwa Tanganyika nalo likapanda; mwaka 2024 maji yaliingia ndani ya nyumba za karibu na ufuko na hayakuwa na haraka ya kutoka. Sanduku la picha linakaa chini ya kitanda. Ndilo linalolowa wa kwanza.

Karte ya kura inatembea mfukoni. Kwa kuwa Wakongomani wengi hawana kitambulisho kingine, hiyo ndiyo inaonyeshwa kwenye barriere na kwa kampuni ya simu, kwa hiyo inalindwa. Lakini zile za mwaka 2023 zina ugonjwa wake: wino ulifutika haraka sana, kwa watu wengi sura ikabaki kama kivuli hata mbele ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, na CENI ikalazimika kutoa duplikata. Ndiyo maana familia inapaswa kuuliza kwanza karte za zamani, za uchaguzi wa 2006, 2011 ao 2018. Wazee hawatupi. Karte iliyochakaa ya 2011 inaweza kuwa na macho yanayoonekana vizuri kuliko ile mpya.

Hesabu ya nukta

Picha ndani ya ordinatere ni nukta zilizopangwa kama mahindi shambani. Tuseme sura kwenye karte ina upana wa sentimeta 2. Skaneri ikiwekwa kwenye nukta 600 kwa inchi, ule upana unatoa nukta kama 470. Ikiwekwa kwenye 1200, zinakuwa kama 940. Lakini picha ya kadre yenye upana wa sentimeta 20, ikichapwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, inaomba nukta zaidi ya 2,300. Zinazokosekana zitatoka wapi? Programu itazibuni, kwa kuangalia nukta mbili zilizo jirani na kuweka rangi ya katikati. Ndiyo sababu sura inakuwa laini kama iliyopakwa mafuta.

Na kupandisha skaneri zaidi hakusaidii sana, kwa sababu karte yenyewe ilichapwa na mashine ndogo. Skaneri ya nguvu itaonyesha tu matone ya wino kwa ukubwa zaidi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina ufundi wowote: omba picha ndogo. Kadre ya sentimeta 10 kwa 15 yenye sura inayotambulika inashinda bango la A3 lenye sura ya ukungu. Ikiwa familia inataka kabisa picha kubwa juu ya watu wanaokaa mbali, inaweza kuwa kubwa, lakini isikazwe sana. Mtu akiwa mita tatu, jicho lake linasamehe ukungu kidogo. Haliwezi kusamehe pua ambayo si ya marehemu.

Kama skaneri haipo, simu inatosha ikishikwa vizuri. Plastiki ya karte inang'aa, kwa hiyo usitumie flashi na usisimame chini ya taa. Laza karte karibu na mlango, kwenye kivuli chenye mwanga, simu iwe sambamba nayo, na usivute zoom. Na jambo ambalo wengi hawajui: WhatsApp inabana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, inapoteza nukta njiani. Ndugu aliye mbali akituma picha ya baba, aitume kama dokima (unabonyeza alama ya kipini, unachagua dokima), ndipo inafika kamili.

Kufuta mistari bila kufuta mtu

Studio nyingi zinafanya kazi na Photoshop, programu ambayo ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, waliitengeneza na ikaanza kuuzwa mwaka 1990. Kopi nyingi zinazozunguka kwa klefu USB ni za wizi na zinaleta virusi pamoja nazo. GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley katika miaka ya 1990, ni ya bure, inafanya karibu kila kitu kinachohitajika kwa picha ya matanga, na haiombi intaneti ikishawekwa. Inashangaza kuona haijulikani sana.

Fundi mzuri hagusi fishie ya kwanza. Anaiweka kando, anafanya kazi kwenye tabaka jingine lililolala juu yake, kama karatasi ya plastiki juu ya meza. Akikosea, anaondoa plastiki na meza iko vile vile. Studio ambayo haiwezi kukuonyesha tena picha ya kwanza, ujue ilifanya kazi juu ya meza yenyewe.

Kufuta mistari kunafanywa na vyombo viwili. Cha kwanza kinanakili: unachukua kipande cha ngozi safi, unakibandika juu ya mkwaruzo. Cha pili, kilichoingia Photoshop mwaka 2002, kinanakili lakini kinachanganya rangi na mwanga wa fasi inapobandikwa, kwa hiyo hakiachi kiraka. Vyote viwili vina hatari moja: ukichukua mara nyingi fasi moja, alama ile ile inajirudia. Mwaka 2006 mpiga picha mmoja aliyekuwa anafanya kazi na Reuters aliongeza moshi juu ya mji wa Beirut kwa namna hiyo; watu wakaona mawingu yanafanana kama mapacha, na Reuters ikaacha kufanya kazi naye. Kwenye sura ya marehemu, chunguza shavu na paji la uso: ukiona vidoa viwili vinavyofanana kabisa, kuna kiraka.

Mstari unaopita kwenye shavu ni rahisi. Unaopita kwenye jicho ni jambo jingine. Hapo fundi mwingi anakopa: anachukua jicho la kulia, analigeuza, analiweka kushoto. Lakini hakuna mtu mwenye macho mawili sawasawa, na mjane aliyeishi na mzee miaka 40 anajua ni jicho gani lilikuwa dogo. Ni afadhali kuacha mkwaruzo mwembamba kwenye jicho la kweli.

Koti na kravate hazina shida kubwa. Katikati ya karne iliyopita kule Bamako, Seydou Keïta, mpiga picha mkubwa wa Mali, alikuwa na koti, kravate na saa ndani ya studio yake, akiwaazima watu mbele ya kuwapiga. Uvira leo koti linakuja baadaye, kwa ordinatere, na hakuna anayedanganywa. Kitu cha kuangalia ni shingo. Makoti hayo yamekatwa kwa mtu mwingine, na fundi akiharaka, anarefusha shingo ao kupunguza mabega ili kichwa kiingie. Mzee aliyebeba mifuko ya samaki maisha yake yote anakuwa na mabega ya karani.

Rangi ya ngozi

Hapa ndipo malalamiko ni mengi. Picha ya karte mara nyingi ni nyeusi mno, kwa kuwa ilipigwa ndani ya darasa la shule, dirisha likiwa nyuma ya mtu. Fundi anapandisha mwanga wote kwa pamoja. Ngozi nyeusi inageuka majivu, na ili kuficha majivu anaongeza wekundu, na mtu anatoka akiwa na rangi ya karanga.

Namna iliyo bora ni kupandisha mwanga wa katikati peke yake, polepole, na kuacha giza liwe giza. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa sehemu zinazong'aa: juu ya shavu, kwenye pua, kwenye paji. Ukizilinda hizo, sura inabaki. Tatizo hili lilikuwepo mbele ya ordinatere. Miaka mingi maabara zilipima rangi za filamu za Kodak kwa karte iliyokuwa na picha ya mwanamke mzungu, na watu weusi wakatoka kama vivuli. Programu na emprimante za leo ni nzuri zaidi, lakini mkono wa fundi bado unaweza kurudisha kosa lile lile.

Kuna sababu nyingine ndogo: kioo cha ordinatere kikiwashwa kwa nguvu zote, picha inaonekana nyeupe, kisha karatasi inatoka nyeusi, na fundi anaongeza mwanga tena. Omba achape kwanza kipande kidogo cha sura na mkitazame inje, kwenye mwanga wa jua. Karatasi moja ndogo inaokoa ugomvi.

Na kama familia inataka marehemu awe mweupe kuliko alivyokuwa? Hiyo ni haki yao, pesa ni zao. Lakini isifanywe bila wao kuombwa.

Mashine inayobahatisha

Miaka hii zimeingia aplikasio za simu, kama Remini, zinazosafisha sura kwa akili bandia. Unaweka picha ya ukungu, baada ya sekunde chache inatoka picha kali yenye kope na meno. Kwa kijana wa studio ni kama muujiza, na kwa picha ya harusi ya mwaka jana hakuna ubaya mkubwa. Kwa picha ya karte ni hatari.

Ile aplikasio haikuona marehemu. Ilifundishwa kwa sura nyingi za watu wengine, na pale nukta zinapokosekana inaweka kile ilichozoea kuona. Mfano uliojulikana dunia nzima ulitokea Juni 2020. Watafiti wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walikuwa wametoa programu iitwayo PULSE, inayogeuza sura ya nukta chache kuwa sura kali. Mtu akaingiza picha ya Barack Obama iliyofifishwa. Ikatoka sura safi ya mzungu. Programu haikuwa na nia mbaya. Ilibahatisha kwa yale iliyojifunza. Kama ilimkosa Obama, mtu aliyepigwa picha nyingi hivyo, itampataje mzee wa Rugenge aliyepigwa picha moja tu na CENI?

Kile ambacho mashine inafuta kwanza ni kile familia inachokumbuka: kovu juu ya nyusi, chale, pengo la jino, kidoa cha kuzaliwa, mikunjo ya macho. Kwa mashine hizo ni uchafu. Kwa hiyo, mbele ya kuchapa, weka picha ya karte na picha mpya kando kando kwenye kioo, zote ndogo kwa kipimo kimoja. Angalia masikio, mstari wa nywele, na umbali kati ya pua na mdomo. Na mlete mtu aliyemjua marehemu zamani, dada yake ao rafiki wa kazi, umuulize bila kumwambia: huyu ni nani? Akijibu mara moja, chapa.

Picha ambazo hazipaswi kuguswa

Watu wanaoleta matangazo ya mtoto aliyepotea mara nyingi wanaleta picha nzuri kuliko zote walizonazo, na picha nzuri siku hizi maana yake ni picha iliyopita kwenye filta: macho makubwa, ngozi laini, kidevu chembamba. Mtu anayekutana na mtoto huyo kwenye mpaka wa Kavimvira hatamtambua. Msalaba Mwekundu, katika kazi yake ya kutafuta jamaa waliotenganishwa na vita, unatumia picha za watoto, na kinachofanya kazi pale ni sura jinsi ilivyo. Kwa tangazo la kutafuta mtu, chukua picha ya kawaida, hata mbaya, ya siku za karibuni, na ukate tu ili sura iwe kubwa. Usifute kovu. Kovu ndilo litamrudisha.

Jambo la pili ni karte yenyewe. Juu ya ule wino uliofutika, kuna wanaoomba studio iskane karte, irudishe sura na majina, na kuichapa upya "iwe kama ya kwanza." Hata kama majina yote ni ya kweli, ile si karte tena. Kode penal ya Kongo inaadhibu faux kwenye kifungu cha 124, na kifungu cha 126 kinamwadhibu anayeitumia, kwa hiyo aliyechapa na aliyeibeba wote wanaweza kukamatwa. Njia iliyopo ni kuomba duplikata kwa CENI pale inapotolewa, ao kwenda kwa komine kuchukua atestasio ya kupoteza vitambulisho. Ni kazi, ina foleni, na wakati mwingine unaombwa pesa ambayo huielewi. Lakini kwenye barriere, karatasi ya komine inajieleza yenyewe.

Kama picha imelowa

Picha ya karatasi iliyoingia maji haijafa mara moja. Rangi yake inakaa ndani ya gelatini, kitu laini kinachovimba kikilowa na kukamata chochote kinachokigusa kikianza kukauka. Ndiyo maana picha mbili zilizoshikana zikivutwa zinaachiana sura. Zirudishe kwenye beseni la maji safi ya baridi, ungojee zijiachie zenyewe. Suuza matope bila kusugua, shika kwenye pembe, kisha zilaze sura juu, kwenye kivuli chenye upepo. Usizianike kwenye jua kama dagaa. Zile zilizochapwa kwa wino wa emprimante ya ofisi hazivumilii maji hata kidogo. Hizo zikaushwe tu.

Fanya hivyo ndani ya siku mbili, kwa sababu baada ya hapo vijidudu vinakula gelatini na sura inayeyuka kuanzia pembeni. Baada ya tsunami ya Japani mwaka 2011, watu wa kujitolea walikusanya picha kutoka kwenye matope, wakaziosha kwanza kwa mikono, ndipo zikaskaniwa na kutumwa kwa mafundi wa nchi nyingi waliozirekebisha kwa ordinatere bila malipo.  Hata kama huna pesa ya fundi leo, picha iliyooshwa na kukauka inaweza kungojea miaka.

Ukishamaliza na studio, usiondoke na kadre peke yake. Omba karte irudishwe, na omba fishie mbili: ile ya skani isiyoguswa, na ile iliyotengenezwa. Zitume zote mbili kama dokima kwa angalau ndugu wawili wasiokaa Uvira, pamoja na jina kamili la marehemu na mwaka wa picha.